Amul, aiskrimu ya wafugaji, na hukumu tunayoupa ushirika wa Kilimanjaro

Hapa Moshi ukitaja ushirika, dakika haiishi kabla mtu hajakukumbusha madeni ya kahawa. Atakwambia chama cha wakulima kinaweza kukusanya magunia, basi. Kitu chenye nembo, mafriza na matangazo ya televisheni ni kazi ya kampuni binafsi. Hoja hiyo ina uzito. Azam ni kampuni binafsi, na lambalamba zake zimezoeleka nchini kiasi kwamba hata timu yake ya mpira inaitwa Wanalambalamba. Mwenye mtaji wake huamua haraka, hukopa haraka, na akikosea hasara ni yake.

Lakini moja ya aiskrimu kubwa kabisa India, Amul, ni mali ya wafugaji wenye ng'ombe na nyati wachache kila mmoja, kama tulivyo sisi wa vihambani.

Amul ilianzia kwenye mgomo. Mwaka 1946, wafugaji wa wilaya ya Kaira, Gujarat, waligoma kuuza maziwa kwa sababu kampuni ya Polson ndiyo pekee iliyopewa nafasi ya kuyapeleka Bombay, na bei ya mfugaji ilipangwa bila yeye. Wakaunda chama chao mjini Anand. Mwaka 1949 akaja Verghese Kurien, injinia kijana. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda chao kikatengeneza unga wa maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walisema haliwezekani. Mwaka 1973 vyama vya Gujarat vikaunda shirikisho moja la mauzo. Aiskrimu ikaja mwaka 1996, miaka 50 baada ya mgomo.

Hiyo miaka 50 ndiyo tunayoisahau tunapolinganisha. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliundwa mwaka 1933, kabla ya chama cha Kaira. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU ikaondoka ikiwa na umri wa miaka 43. Iliporudishwa katika miaka ya 1980 ilikuta mali, wataalamu na mazoea vimetawanyika. Wizi na uzembe vilikuwepo, sivitetei. Ila chama kilichofutwa kwa amri hakiwezi kuhukumiwa kana kwamba wanachama wenyewe walishindwa kukiendesha.

Tena tulipokea msaada uleule walioupata India. Kuanzia mwaka 1970 India ilipata unga wa maziwa na mafuta ya siagi kutoka Ulaya kupitia Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Waliuza bidhaa hizo mijini kwa bei isiyomuumiza mfugaji, kisha fedha zikajenga vituo vya kukusanyia maziwa na vyama vya vijiji. Hapa kwetu unga wa msaada uliingia kwenye viwanda vya Tanzania Dairies Limited, kampuni ya serikali ya maziwa, kama malighafi, ukakorogwa na maji ukauzwa. Msaada ulipopungua, viwanda vikakosa cha kusindika, na katika miaka ya 1990 vikabinafsishwa.

Sasa ile takwimu inayonisumbua. Amul yenyewe husema karibu asilimia 80 ya fedha anayolipa mlaji humrudia mfugaji. Huo ni wastani wa bidhaa zote, na maziwa ya kunywa ndiyo yanayoubeba. Kwenye aiskrimu haiwezekani iwe hivyo: kuna sukari, kakao, umeme wa kugandisha, gari la baridi na faida ya muuza duka. Kwa hiyo anayeitumia takwimu hiyo kuahidi utajiri wa koni anadanganya. Hata hivyo, chochote kinachobaki baada ya gharama hizo kinarudi kwa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda ni mfugaji. Msimu maziwa yanapofurika, bei haimwangukii, kwa sababu ziada inageuzwa siagi na unga na kungojea joto, wakati wa aiskrimu. Mama wa Machame mwenye ng'ombe wawili hana pa kupeleka ziada hiyo. Maziwa yakimbakia jioni anayagandisha, akiuza mtindi kwa bei ya kutupa.

Wapinzani wana mambo mawili ninayoyakubali. Amul ililindwa na wanasiasa wazito tangu siku ya kwanza. Pia imeshakuwa kubwa kiasi cha kutunishiana misuli na Unilever, kampuni kubwa ya kimataifa iliyokuwa ikishindana nayo sokoni: mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Bombay ilizuia matangazo yake yaliyosema bidhaa za wengine zinazofanana na aiskrimu zina vanaspati, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa. Ushirika haumfanyi mtu malaika.

Lakini kusema hatuwezi ni kutotazama wilaya ya Hai. Akina mama wa Nronga wana chama chao cha maziwa tangu mwaka 1988. Kazi yenyewe haina maajabu: ndoo inafika asubuhi, karani anazamisha kipimo kuona kama maziwa yametiwa maji, anaandika lita kwenye daftari, mwenye maziwa anahakikisha jina lake. Kaira pia walianza hivyo, ila mapema sana wakaongeza kupima mafuta na kulipa kwa ubora, na wakajenga kiwanda chao wenyewe badala ya kubaki wauzaji kwa kiwanda cha mtu. Hayo mawili ndiyo yapelekwe kwenye mikutano mikuu ya vyama vya maziwa vya Hai, Siha na Rombo, kabla hata hatujataja koni.