Timu 32, mechi tatu: ubingwa wa dunia wa wavu kwa wanawake umepanuka kweli?

Italia ilipoishinda Uturuki kwa seti 3-2 jijini Bangkok tarehe 7 Septemba 2025 na kutwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa wavu kwa wanawake, ilikuwa imecheza mechi saba tu tangu mashindano yaanze. Serbia, bingwa wa mwaka 2022, ilicheza mechi 12 kabla ya kulinyanyua kombe hilohilo. Tofauti hiyo imeletwa na mabadiliko ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu (FIVB), ambalo limeongeza timu kutoka 24 hadi 32 na kuyafanya mashindano yaliyokuwa yakichezwa kila baada ya miaka minne yawe ya kila baada ya miaka miwili. Ongezeko la timu linaonekana kwa kila mtu anayeitazama ratiba. Kupungua kwa mechi hakuonekani upesi, na mimi nadhani ndiko kunakostahili kupimwa zaidi.

Wanaoyatetea mabadiliko hayo wana hoja nzito. Timu tatu bora za kila bara sasa hufuzu moja kwa moja, na kwa utaratibu huo Afrika, iliyowakilishwa na Kenya na Kameruni mwaka 2022, ilipeleka Thailand timu tatu: Kenya, Misri na Kameruni. Vietnam nayo ilishiriki kwa mara ya kwanza. Mfumo wenyewe pia umekuwa mwepesi kuufuata: makundi manane ya timu nne, mbili za juu zinasonga mbele, kisha mtoano hadi fainali. Chini ya mfumo wa zamani kulikuwa na hatua ya pili ya makundi ambamo timu ziliingia na matokeo ya hatua ya kwanza, jambo lililomlazimu mtazamaji kushika kalamu na karatasi. Mtoano hauhitaji hesabu hizo, na hauna huruma: Serbia, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara mbili mfululizo, ilifungashiwa virago na Uholanzi katika hatua ya 16 bora.

Hata hivyo, mashindano ya mwaka 2022 yalikuwa na mechi 100, ilhali haya ya timu 32 yana mechi 64. Zamani kila timu, hata iliyoshika mkia, ilikuwa na uhakika wa mechi tano. Sasa ina uhakika wa tatu. Kenya ni mfano mzuri. Mwaka 2025 iliifunga Vietnam kwa seti 3-0, lakini kwa kuwa ilikuwa kundi moja na Poland na Ujerumani, ilimaliza ya tatu na kurejea nyumbani. Kwa timu kama Italia au Brazil upungufu huo hauumi, kwa sababu timu hizo hushiriki Ligi ya Mataifa, mashindano ya FIVB ya kila mwaka, ambamo kila moja kati ya timu 18 hucheza angalau mechi 12 kwa msimu. Katika ligi hiyo mwaka 2025 hapakuwa na timu hata moja ya wanawake kutoka Afrika. Kwa hiyo timu zilizofunguliwa mlango ndizo zinazohitaji zaidi mechi ngumu, na ndizo zilizopunguziwa. Mchezaji hajifunzi kupokea mipira mikali ya kuanzisha, wala kuvuka kizuizi cha wachezaji warefu, kwa kukaa jukwaani akitazama. Zaidi ya hayo, viwango vya ubora vya dunia hukokotolewa mechi kwa mechi, na nafasi 15 kati ya zile 32 za mwaka 2025 zilitolewa kwa kufuata viwango hivyo; mechi zikipungua, nafasi za kupanda viwango nazo hupungua.

Itajibiwa kwamba mechi tatu kila baada ya miaka miwili ni sita ndani ya miaka minne, yaani zaidi ya tano za zamani. Hesabu hiyo ni sahihi, mradi timu ifuzu mara zote mbili na shirikisho lake limudu kuisafirisha na kuiandaa mara mbili. Kuna pia miili ya wachezaji, ambao wakitoka katika msimu mrefu wa klabu huingia moja kwa moja katika majukumu ya taifa, bila ya kuwa na majira ya kupumzika.

Sioni sababu ya kurudi kwenye timu 24. Ila sioni pia kwa nini timu 16 zinazotolewa katika makundi zifunge mizigo mara moja, wakati michezo ya kuwania nafasi ya 17 hadi ya 32 inaweza kuchezwa kwenye kumbi zilezile huku mtoano ukiendelea. Waandaaji watalalamikia gharama za malazi na viti vitakavyobaki vitupu, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini kila timu kati ya hizo 16 ikipewa mechi mbili zaidi, zitaongezeka mechi 16 tu, na jumla itakuwa 80, ambazo bado ni pungufu ya zile za mwaka 2022 kwa mechi 20.