Luteni Usu, Mama

Kila zikitoka picha za kutunuku kamisheni Monduli, chuo chetu cha maafisa wa jeshi, hakosi mtu kwenye kundi letu la WhatsApp wa kuandika: "Safi, ila Sandhurst ndiyo Sandhurst." Safari hii sinyamazi.

Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi cha Uingereza, si ya kubeza. Mirisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wetu wa kwanza, alipita huko. Alexander Nyirenda, aliyepandisha Mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, vilevile. Tatizo ni kwamba walikuwa wa kuhesabika. Bendera ilibadilika, ila maafisa wengi walibaki Waingereza, na askari aliyezeekea King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, akaendelea kumpigia saluti kijana wa Kizungu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Kolito, Dar es Salaam, wakaasi. Walitaka mshahara upande na Waingereza waondoke. Siku tano baadaye wakanyang'anywa silaha, na walioitwa kuifanya kazi hiyo ni makomandoo wa Kiingereza! Ilikuwa aibu, na Nyerere hakuificha.

Watu husimulia maasi yale kama habari ya mshahara. Kwangu mimi, nusu yake ni nyota za begani.

Jeshi likavunjwa, JWTZ likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Kolito ikaitwa Lugalo, jina la mahali kule Iringa Wahehe walipoufyeka msafara wa Mjerumani Zelewski mwaka 1891. Jina la kambi unalibadilisha asubuhi moja tu. Maafisa ni kazi ya miaka: wakaja wakufunzi wa Kanada, wakaja wa China, ndipo tukawa na chuo chetu, ambako hata Waganda wamekuja kusoma.

Wanaopelekwa nje waende, wafumbue macho. Ninachokikataa ni kuiona Monduli kama kituo cha kusubiria basi la kwenda kwenye chuo "chenyewe".

Niliwahi kuhudhuria gwaride pale. Vijana wanapita kwa mwendo wa pole, kofia zimefanana, nyuso zimekazwa. Mama mmoja mbele yangu alimsaka mwanawe mstari hadi mstari, akamtambua kwa masikio.

"Sasa huyu ndiyo nani?" akaniuliza.

"Luteni Usu, mama."

Akalirudia neno mara mbili, polepole, kisha akampigia simu mtu wa kijijini kumwambia.