Panki Linadai Minofu Yake

Saa tisa usiku nimeamka nikipiga kelele, "Ulaya! Imeenda Ulaya!" na mlangoni kwangu wamejaa nusu ya wapangaji. Mmoja kashika mchi. Mwingine ananimulika usoni na tochi ya simu kama mwizi wa kuku. Mimi huyu, mtu mzima wa miaka 38, mwenye mke, mwenye mtoto wa darasa la tatu, mwenye deni la kikoba. Nikajaribu kusimama kiheshima, lakini heshima na bukta iliyotoboka havikai mwili mmoja.

"Kuna nini, Baba Neema?"

"Ndoto tu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nimeona nyoka, wangetafuta nyoka, wangemkosa, wangerudi kulala. Lakini ndoto! Ukitaja ndoto kwenye nyumba ya wapangaji wanane, umewagawia kazi ya wiki nzima.

Na ndoto yenyewe, ndugu zangu, si ya jana. Ilinianza nikiwa na miaka minane, mwaka 1995, kwetu hapahapa Igogo, Mwanza, juu ya mawe, dirisha letu likiwa kiroba cha unga kilichopigiliwa misumari. Usiku mtu anabisha. Ngo, ngo, ngo. Nachungulia, nakuta panki. Si sangara, ni panki. Kichwa kizima na macho yake, mkia mzima, katikati mbavu tupu zinagongana kama shanga. Limesimama wima kwa mkia, na adabu zake zote linasema, "Hodi wenye nyumba. Minofu yangu mmeipeleka wapi?"

Nami najibu, "Ulaya."

"Ulaya ya wapi?"

Sijui. Jiografia ilikuwa haijafika darasa letu. Basi linakaa pale dirishani linasubiri, halina haraka, mpaka nashtuka, na nikishtuka godoro limelowa. Asubuhi linaanikwa juu ya jiwe ambalo mtaa mzima hulipita kwenda bombani. Kuna Jiwe la Bismarck huko mjini, wageni wanatoka mbali kuja kulipiga picha. Jiwe letu hakuna aliyelipiga picha, namshukuru Mungu. Bibi aliapa kunifunga chura kiunoni ili niache kukojoa. Chura hakupatikana, ila kuanzia hapo nikawa naota na chura.

Kwa nini panki? Mtu wa Mwanza haulizi. Viwanda vinakata minofu, minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na kichwa, mifupa na mkia, vinakaangwa barabarani kwenye karai ambalo mafuta yake yalikuwa na umri wangu. Nimekua hivyo. Mpaka leo nikila kitu kisicho na mwiba nakitilia shaka.

Halafu ukaja mwaka 1999. Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu hili la Victoria, kisa kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu. Bei ya sangara ikaporomoka, na sisi tukala mnofu. Mnofu wenyewe, mweupe, unakatika kwa kijiko! Najua kulikuwa na hiyo habari ya sumu. Mama alisema sumu itatukuta tumeshiba. Na usiku ule panki halikuja. Wala uliofuata. Nikajua tumelipana, kila mtu ashike njia yake.

Miaka yote hiyo kimya, halafu Jumanne ya wiki iliyopita limerudi. Limezeeka. Lina kikohozi. Siku hizi linabisha kwenye grili, na swali ni lilelile.

Sasa sikieni la kikao.

Jumapili jioni mjumbe wetu wa nyumba kumi kanipelekea taarifa kwa mdomo wa mtoto wangu mwenyewe, kwamba nafika uani saa kumi, kikao cha dharura. Nafika, viti vimepangwa. Daftari la muhtasari ni daftari la hesabu la Neema, kaliazima bila kuniuliza. Ajenda tatu: kufungua kikao, ndoto ya Baba Neema, mengineyo. Nimeishi nchi hii vya kutosha kujua kwamba mengineyo ndiyo huua watu.

Wa kwanza kuomba nafasi ni mzee wa chumba cha kona, mvuvi mstaafu. Akasafisha koo. "Hayo ni masamva, mizimu ya ukoo. Guku wako alikuwa mvuvi?"

Nikamwambia babu yangu alichunga ng'ombe Magu, ziwa aliliona mara mbili na mara zote mbili alilikimbia.

"Ndiyo hayo sasa. Ziwa linamdai."

Akakaa. Akasimama tena, amekumbuka jambo. "Halafu, mwenyekiti, huyo sangara madai yake hayana msingi. Si mwenyeji. Kaletwa kwenye ziwa hili miaka ya hamsini kuelekea sitini, kaingia, kala samaki wa humu, furu, karibu wote. Mimi furu nimewala nikiwa kijana, watamu. Leo wako wapi? Wao wabishe hodi kwa nani?"

Kikao kikamung'unya furu kwa huzuni. Nami, nawaambia kweli, mara ya kwanza maishani nikajiona nina wakili. Ningejua hoja hiyo nikiwa na miaka minane, nisingelowesha godoro hata moja.

Mama Kulwa, ambaye ni kiongozi wa kwaya na sauti yake haina pa kupunguzia, akasema hilo halihitaji wazee, limo kwenye Maandiko. Farao aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda, Yusufu akamwambia inakuja miaka saba ya njaa. "Wewe Baba Neema umeletewa samaki aliyekonda kuliko hao ng'ombe wote kwa pamoja. Hana hata nyama ya kukondea. Njaa inakuja."

Kijana wa bodaboda akauliza, "Inakuja, au ndiyo hii tunayoimalizia?"

Watu wakacheka. Mimi nikahesabu kimyakimya tangu nioe, nikakuta niko mwaka wa kumi na moja.

Hapo akasimama mwalimu wa tempo. Anafundisha baiolojia kwenye banda la mabati, na tangu apate banda hilo hazungumzi tena, anafundisha tu. "Kisayansi," akaanza, na watoto wote uani wakakimbia kwa mazoea. Kwamba usingizi una vipindi. Kila baada ya dakika 90 hivi, macho yanaanza kuchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto nzito huja. Kwamba wataalamu waliandika jambo hilo mwaka 1953, huko Chicago, baada ya kuwapima watu wakiwa wamelala. Na kwamba vipindi hivyo hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana panki halinijii saa nne usiku, linanijia saa tisa.

"Subiri kwanza," akasema Mama Kulwa. "Walikaa wanawaangalia watu wazima wamelala?"

"Ndiyo, mama."

"Na hao waliolala walikubali?"

"Walikubali."

"Wake zao walijua?"

Kikao kikakaa dakika kumi kwenye hilo. Mjumbe akaliandika. Akasoma alichoandika: "Wajumbe wamehoji maadili ya Chicago."

Mwalimu hakukata tamaa. Akaleta daktari mwingine, Freud wa Vienna, kwamba yeye alisema ndoto ni tamaa ya mtu iliyofichwa, inatoka usiku imevaa nguo za kuazima.

"Tamaa ya nini?" Huyo ni Mama Neema, mke wangu, ambaye tangu kikao kianze alikuwa anachambua mchele kimya.

"Kwa hapa," mwalimu akasema taratibu, "tamaa ya... minofu."

Sijui nani alianza, lakini macho yote yakageuka polepole yakaenda kumtua mpangaji wa chumba namba nne, dada mmoja ambaye Mungu hakumnyima. Dada wa watu alikuwa anasuka mkeka wake, hana habari. Mama Neema akaacha mchele. Nimelala nikiangalia mgongo usiku tatu kwa sababu ya mtu wa Vienna, ambaye hata panki halijui.

Kijana wa bodaboda alikuwa na swali moja tu. "Lina mbavu ngapi?"

Sijahesabu.

"Bro, unaota kitu kilekile tangu utoto, hujahesabu mbavu? Ningepata namba mimi, ningekuwa nakaa Capri Point." Kisha akanivuta pembeni, sauti ya chini. "Likija tena, achana na habari ya minofu. Liulize bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, liko wapi. Minofu ni hela ya mboga. Bondo linakwenda China."

Muuza kahawa, ambaye hakuwa mjumbe, alikuwa anapita tu na birika lake, ndiye aliyesema jambo fupi kuliko wote. Ndoto mbaya haisimuliwi. Ukiamka, omba kinga kwa Mungu, temea kushoto mara tatu, basi. Nikampenda. Usiku ule ule nikatekeleza. Kushoto kwangu analala Mama Neema.

Basi tukafika mengineyo. Ndoto ikaachwa hapo kama mgonjwa aliyeletwa hospitali halafu ndugu wakaanza kugombania shamba. Luku: nani anapiga pasi usiku. Choo: zamu ya nani, na nani huiruka. Kamba ya kuanikia. Mbuzi wa mtu. Mwisho mjumbe akasoma maazimio. La kwanza, Baba Neema apunguze sauti anapoota. La pili, atoe elfu mbili za soda ya kikao. Nikauliza kwa upole mtu anapunguzaje sauti akiwa amelala. Mjumbe akasema hilo ni suala la utekelezaji.

Nikatia sahihi. Ndiyo, nimetia sahihi. Kuna karatasi katika dunia hii, upande mmoja mafungu ya kumi na vigawe, upande wa pili nimeahidi kuota kwa staha.

Lakini hebu tusemezane. Watu wanane, saa mbili na nusu, wamepita kwa Farao, wamepita Chicago, wamefika Vienna wakarudi na mke wangu amenuna, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Baba Neema, siku hizo ulikuwa unakula nini usiku. Mtoto amelamba kichwa cha samaki, amenyonya jicho, amegombana na dada yake juu ya shavu, kalala na moshi wa kukaangia umejaa nguoni, na mchana kaona kwa macho yake gari la barafu likipita na samaki wazima. Mlitaka aote nini huyo? Keki? Dakika mbili tu zingetosha! Soda yangu elfu mbili wamekunywa, na waliyoyasema hata mimi ningejisemea mwenyewe kwenye daladala.

Daladala nayo. Jana nimetoka nimekasirika, nikasema naenda sokoni Mwaloni kulitazama hilo panki uso kwa uso mchana kweupe, tumalizane. Konda kachukua noti yangu, chenji akaniambia nitapewa mbele. Mbele nikashuka, yeye akaenda mbele zaidi. Mwaloni nikamkuta mama mmoja na beseni lake, nikamwuliza panki bei gani. Bei aliyonitajia nikadhani ananiuzia pamoja na mtumbwi.

"Mama, ni mifupa hii."

"Mwanangu, wanayagombania wa chakula cha kuku."

Kuku! Kuna kuku mahali, Mwanza hii hii, anakula panki langu, amelala usingizi mnono na hakuna anayemwitia kikao. Nikasimama pale, naliangalia moja kubwa, nalo linaniangalia. Halikusema kitu. Mbele ya watu limejifanya hatujuani.

Nikanunua dagaa. Dagaa wenyewe wana mchanga, maana wameanikwa chini, si kwenye chanja, na aliyeniuzia aliapa ni wa kwenye chanja. Ukiwaosha mara tatu mchanga unabaki, ukiwaosha mara nne dagaa wanaisha. Maji ya kuoshea nimeyapandisha mwenyewe kwenye mawe, ndoo mbili, goti la kulia linalia kama mlango.

Jioni nimekaa kizingitini na Neema, tunachagua kokoto kwenye sinia. Akaniuliza dagaa nao wanaota? Nikasema pengine, ila ndoto zao ni fupi. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia naye ana ndoto moja inarudirudi. Usiku Luku inalia, pii, pii, pii, anaitafuta nyumba nzima haioni, kila akifungua kabati inahamia kabati lingine, na mwisho inamwuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Nikachungulia uani kwanza, kulia na kushoto.

"Punguza sauti, mwanangu," nikamwambia. "Daftari lako la hesabu bado lina kurasa."