William Hartsfield: kura za weusi na mipaka ya Atlanta

William Hartsfield alikuwa meya wa Atlanta, jimbo la Georgia, kuanzia 1937 hadi Januari 1962, ukiondoa kipindi kifupi alichokaa nje baada ya kushindwa kwa kura zisizofika 100. Wanaomsifu huanza na uwanja wa ndege unaobeba jina lake, na wana haki: akiwa diwani miaka ya 1920 alipigania jiji likodi kiwanja cha zamani cha mbio za magari ili ndege zipate pa kutua. Mimi nampima kwa suala la rangi.

Miaka yake ya mwanzo, watu weusi walipata machache sana kwake. Kura za mchujo za chama cha Democratic, ambazo ndizo zilizoamua mshindi, zilikuwa za wazungu peke yao. Mwaka 1946 mahakama ikaubatilisha utaratibu huo Georgia. Viongozi weusi, wakiwemo wakili A. T. Walden na John Wesley Dobbs, wakahamasisha watu, na kwa wiki chache tu wapiga kura wapya wapatao 18,000 wakajiandikisha. Mwaka 1948 Hartsfield akaajiri polisi weusi wanane, wa kwanza jijini. Hawakuruhusiwa kumkamata mzungu, na kituo chao kilikuwa ndani ya jengo la YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) la weusi, si makao makuu ya polisi.

Wakosoaji husema alikuwa akitafuta kura tu. Ndiyo, alizitafuta. Lakini kwa mama wa Auburn Avenue, mtaa wa weusi jijini, aliyemwona kijana wa mtaani kwao amevaa sare, lile halikuwa jambo dogo. Na heshima ya ushindi huo naiweka kwanza kwa waliopanga foleni kujiandikisha.

Kinachonisumbua zaidi ni mwaka 1952. Mipaka ya jiji ilipanuliwa, Buckhead na vitongoji vingine vikaingizwa pamoja na watu wapatao 100,000, wengi wao wazungu. Weusi wakashuka kutoka takriban asilimia 41 ya wakazi hadi 33. Watetezi wake hutaja kodi na ardhi, na kweli jiji lilivihitaji vyote viwili. Ila kwa miaka kadhaa Hartsfield alikuwa amewaonya wazungu wa vitongoji hivyo vya kaskazini mwa jiji kuwa wasipojiunga, weusi wataishika Atlanta. Aliyezipokea kura za weusi ndiye aliyezipunguzia uzito.

Mwaka 1957 kura hizohizo zilimsaidia kumshinda Lester Maddox, mtetezi wa ubaguzi aliyekuja kuwa gavana. Hartsfield alipenda kusema Atlanta ina shughuli nyingi mno, haina nafasi ya chuki. Agosti 30, 1961, wanafunzi weusi waliingia shule nne za sekondari za wazungu bila fujo, Rais Kennedy akalipongeza jiji. Kule Little Rock, jimbo la Arkansas, miaka minne nyuma, ilibidi jeshi lipelekwe kuwalinda wanafunzi weusi. Naithamini amani ile, maana watoto walirudi nyumbani salama. Lakini walikuwa tisa tu, miaka saba baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuharamisha ubaguzi shuleni, na wenzao kwa maelfu waliendelea kusoma kulekule walikotengwa.