Gondor Haikudhoofishwa na Wageni

Tangu mwaka 2022, tamthilia ya The Rings of Power, iliyotokana na vitabu vya J.R.R. Tolkien, ilipowapa waigizaji weusi nafasi za Wahobiti (watu wafupi wa hadithi zake) na Waelvi, wasomaji wa Tolkien wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba mwandishi huyo alitaka kuipa Uingereza visasili vyake, akachota katika ngano za Ulaya ya Kaskazini, na kwa hiyo sura za watu wake ziachwe kama alivyozieleza. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Kundi dogo la wahamaji wanaojificha wasionekane na watu wengine, kama walivyo Wahobiti wa tamthilia hiyo, haliwezi kuwa na rangi mbalimbali za ngozi pasipo maelezo ya nani alitoka wapi, na tamthilia haikujishughulisha kuyatoa.

Lakini wanaodai kwamba Middle-earth, ulimwengu aliouumba Tolkien, ni dunia ya mataifa yasiyochangamana wanakikana kitabu kilekile wanachokitetea. Katika dibaji ya The Lord of the Rings, Wahobiti wenyewe ni jamii tatu, na Harfoots, walio wengi kuliko wenzao, wanaelezwa kuwa na ngozi ya kahawia zaidi. Wote ni wahamiaji waliovuka milima kwa nyakati tofauti, wakaiacha lugha yao ya zamani na kushika lugha ya majirani, na nchi ya Shire waliipata mwaka 1601 wa Enzi ya Tatu kwa idhini ya mfalme.

Kisa kizito zaidi kimo katika viambatisho vya kitabu hicho, na ni ajabu kwamba mabishano haya hukigusa mara chache. Valacar, mrithi wa kiti cha Gondor, ufalme mkubwa wa wanadamu, alimwoa Vidumavi, binti wa watu wa Kaskazini. Wakuu wengi wa Gondor waliogopa kwamba damu ya kigeni ingefupisha umri mrefu wa ukoo wa kifalme, wakamwasi Eldacar, mtoto wa ndoa hiyo, aliporithi kiti mwaka 1432. Osgiliath, mji mkuu, ikateketea kwa moto, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hadi 1448. Wana wa Castamir, aliyekuwa amemnyang'anya Eldacar kiti, wakakimbilia bandari ya Umbar, ambayo tangu hapo ikawa tishio kwa pwani za Gondor. Naye Eldacar aliishi miaka ipatayo 235, bila kuzeeka upesi kuliko wazee wake. Tolkien anaeleza wazi kwamba mchanganyiko ule, hapo mwanzo, haukuharakisha kufifia kwa watu wa Gondor kama ilivyohofiwa. Walioimaliza damu waliyotaka kuilinda ni wao wenyewe waliouana, na pengo lao likazibwa na wahamiaji kutoka Rhovanion, nchi ya watu wa Kaskazini.

Wenye mashaka na uhamiaji wangepata hoja nzito zaidi kwa watu wa Dunland kuliko katika rangi za waigizaji. Mwaka 2510 msimamizi wa Gondor aliwapa wapanda farasi wa Eorl nchi ya Calenardhon, ambayo baadaye iliitwa Rohan, kwa shukrani ya msaada wao vitani, na Wadunland waliokuwa humo wakafukuzwa. Karne tano baadaye mchawi Saruman aliichochea chuki yao akapata jeshi. Waliposhindwa walisamehewa na kurudishwa kwao, kwa kiapo cha kutovuka tena mto Isen wakiwa na silaha. Ardhi ilibaki mikononi mwa Rohan. Anayetaka kuonesha uhamiaji wa Middle-earth kwa uaminifu inampasa awape Wadunland nao nafasi ya kusema.