Seva isiyoielewa anotesheni isinyamaze

Niliwahi kuhangaika siku mbili na kapu la manunuzi lililokuwa linajifuta. Mteja anaongeza bidhaa, anafungua ukurasa unaofuata, kapu tupu. Kwenye logi, hakuna kosa hata moja. Klasi yangu ya Java ilikuwa na anotesheni mbili, yaani alama za @ zinazoiambia seva namna ya kuitumia klasi: @Named, inayoipa jina, na @SessionScoped, inayotaka itunzwe kwa kipindi chote cha mteja. Nami nikaapa kwamba tatizo liko kwingine.

Kumbe kihariri changu kilikuwa kimeleta @SessionScoped ya pakiti ya javax.faces.bean, si ile ya javax.enterprise.context. Jina ni lilelile, ukoo ni mwingine. CDI, sehemu ya seva inayounda vijenzi vya programu na kuviunganisha, haikuitambua, ikaihesabu klasi yangu kuwa haijatajiwa muda wowote wa kuishi, ikawa inaunda kapu jipya kila lilipoitwa.

Mkanganyiko huu una historia. Anotesheni ziliingia na Java 5 mwaka 2004, na kufikia Java EE 5 (Java ya programu za seva), mwaka 2006, tukaanza kupumua kutoka kwenye mafaili marefu ya usanidi ya XML. Kisha Java EE 6 ya mwaka 2009 ikatuletea njia tatu za kutangaza kijenzi: @ManagedBean ya JSF (mfumo wa kutengeneza kurasa za wavuti), @ManagedBean nyingine ya javax.annotation, na CDI yenye @Named. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walitiwa watatu. Ile ya JSF ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati mwaka 2017, ikaja kuondolewa kabisa kwenye Faces 4.0 (Faces ni jina jipya la JSF) mwaka 2022. Nafikiri ilichelewa mno.

Kwangu mimi, seva ikisema inakubali anotesheni, imekubali kuvilea vijenzi vyangu: ivizae, ivipe vinavyovihitaji, iite mbinu yenye @PostConstruct baada ya kuviunda, na mwisho iite yenye @PreDestroy kabla ya kuvitupa. Kusoma alama peke yake hakutoshi. Na pale ambapo haiwezi kulea, iseme. Chukua seva ya Tomcat isiyo na nyongeza yoyote: inashughulikia @Resource (inayoomba rasilimali kama hifadhidata) na @PostConstruct ndani ya servleti, yaani klasi zinazojibu maombi ya wavuti, lakini CDI haimo mpaka uongeze maktaba ya Weld au OpenWebBeans. Ukiandika @Inject, anotesheni ya kuiomba CDI kijenzi, hapo programu inapanda vizuri kabisa, halafu ombi la kwanza linakutana na null, yaani patupu.

Najua hoja ya upande wa pili: kupekua kila jar (faili la klasi za Java) kutafuta anotesheni kunachelewesha seva kuwaka. Ni kweli, na ndiyo maana kuna metadata-complete kwenye faili la web.xml, inayoiambia seva isipekue, na faharasa za anotesheni za Jandex zinazotengenezwa mapema wakati wa kujenga programu. Pia JVM yenyewe, mashine inayoendesha Java, huziruka kimyakimya anotesheni ambazo klasi zake hazipo.

Lakini seva inapopekua inasoma baitikodi (klasi zilizokwisha kukusanywa) moja kwa moja, na jina kamili la kila anotesheni liko pale mbele yake. Gharama imeshalipwa. Kinachobaki ni mstari mmoja wa onyo kwenye logi: klasi hii ina @Inject, na hapa hakuna wa kuishughulikia. Mstari huo ungeniokolea siku zangu mbili.