Nimelipia Kimakonde

Ndiyo kwanza natoka zahanati, viatu sijavua maana kuinuka baada ya kuinama ni shughuli ya kuomba msaada.

Siku ya tatu hii natembea nimejikunja kama kiti cha kukodi msibani. Asubuhi kwenye daladala konda ananiambia, "Mzee, nyooka, wengine wapate pa kusimama." Ningeweza kunyooka, ningekuwa naenda wapi?

Zahanati mnaijua. Kila dirisha na hela yake. Mwisho nikafika kwa daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa mara mbili. Akasoma karatasi, akakohoa kidogo, akatamka kwa puani: "Mzee, una chikanganya."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Istilahi ya kitabibu, mzee. Kiingereza."

Nikajiweka sawa, kadiri mgongo ulivyoruhusu. Ugonjwa wa Kiingereza si mchezo. Mtaani hata wanaonidai watanionea haya.

Mlango ulikuwa wazi. Pale kwenye benchi bibi mmoja wa Newala akadakia: "We mjukuu wangu, tamka vizuri! Chikungunya. Hicho Kimakonde."

"Bibi, hili ni neno la kisayansi..."

"Maana yake kile kinachomkunja mtu."

Daktari akakimbilia simu. Akawa anasoma, sauti inashuka: uliibuka uwanda wa Makonde, Tanganyika, 1952. Mwaka 1955 watafiti Robinson na Lumsden wakauandika kwenye jarida la tiba, na jina wakabeba lilelile la wenyeji.

Ina maana nimeingia nimekunjika, nikalipa madirisha manne, nikaambiwa kwa Kimakonde kwamba nimekunjika! Konda aliniambia hayo kwa nauli tu.

Dawa? Paracetamol, maji mengi, pumzika. Bibi naye alikuwa ameshasema maji.

Malaria nayo nasikia ni Kiitalia, "hewa mbaya". Hewa ikasingiziwa karne na karne, mbu yuko pembeni anashiba. Na mbu aliyeniuma mimi akaniachia hiyo chikungunya anaitwa Aedes, Kigiriki, maana yake "anayechukiza". Wagiriki sina ugomvi nao. Ila anauma mchana! Sasa neti ya usiku inisaidie nini? Na hiyo neti yenyewe mama watoto kazungushia vifaranga, nalala na khanga usoni, na ukiuliza vifaranga ni vya nani, ni vya jirani.